Je, Serikali Inaweza Kunifungia Nyumbani kwa Sababu ya Maradhi?

Tanzania ilipothibitisha ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo mwezi Januari 2025, na Uganda ikatangaza Ebola jijini Kampala kabla mwezi huo haujaisha, wasomaji wengi walituandikia wakikumbuka miaka ya Korona. Walitaka kujua kama yale yaliyotokea yanaweza kurudiwa na, yakirudiwa, raia ana haki gani. Tumechagua barua sita. Baadhi tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyaacha kwa ombi lao.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, mimi ni mchuuzi wa samaki na huvuka feri ya Likoni kila siku. Kafyu ilipoanza mwaka 2020 tuliambiwa ni kwa faida yetu, lakini jioni ile ya kwanza pale kivukoni tulifukuzwa kwa marungu na gesi ya kutoa machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Je, serikali ilikuwa na haki ya kutuzuia kutoka? Na kama ilikuwa nayo, ilikuwa pia na haki ya kutupiga?
*Mama wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Mama, umeuliza maswali mawili na umefanya vyema kuyatenganisha, kwa sababu wengi waliobishana kuhusu kafyu waliyachanganya, wakaishia ama kuitetea serikali kwa kila ilichofanya ama kuipinga kwa kila ilichotaka.

Kwa swali la kwanza, ndiyo, serikali ilikuwa na mamlaka ya kuwazuia watu kutoka, ila si mamlaka yasiyo na mipaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa uhuru wa kwenda popote katika Kifungu cha 39 na uhuru wa kukusanyika kwa amani katika Kifungu cha 37, na haki hizi mbili ni za aina inayoweza kuwekewa mipaka. Namna ya kuiweka mipaka hiyo imeelezwa katika Kifungu cha 24: lazima iwepo sheria, wala haitoshi tamko la kiongozi mbele ya kamera; na mipaka yenyewe iwe ya kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, baada ya kupima ni haki ya aina gani inayoguswa, lengo lina uzito gani, haki za watu wengine zitaathirika vipi, na kama ipo njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lilelile. Kigezo hicho cha mwisho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa kinamlazimu mtawala aonyeshe kwamba alizitafuta njia nyepesi kabla ya kuishika iliyo nzito.

Kwa swali la pili jibu ni hapana, na halihitaji kupimwa kwa mizani yoyote. Kifungu cha 25 kinazitaja haki chache ambazo hazipunguzwi licha ya kifungu kingine chochote cha Katiba, na ya kwanza kutajwa ni haki ya kutoteswa na kutotendewa kwa ukatili au kwa kudhalilishwa. Hata kama Rais angetangaza hali ya hatari chini ya Kifungu cha 58, jambo ambalo halikufanyika Kenya wakati wa Korona, haki hiyo ingebaki pale pale.

Hayo si maoni yangu peke yangu. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda Mahakama Kuu mara tu kafyu ilipoanza, na tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir alitoa uamuzi unaoijibu barua yako moja kwa moja: kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi katika kuitekeleza ilikuwa kinyume cha Katiba. Aliagiza pia kwamba maofisa wa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, waongezwe katika orodha ya wanaoruhusiwa kutembea usiku, ili wasimamizi wa polisi wasiwe wamefungiwa majumbani wakati polisi wenyewe wako barabarani. Kwa bahati mbaya uamuzi huo uliwakuta wengine wamekwisha kuzikwa. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba watu wasiopungua sita walikufa kutokana na ukatili wa polisi katika siku kumi za mwanzo za kafyu, miongoni mwao mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi tarehe 1 Aprili kwa yaliyotendwa na polisi. Kuomba radhi ni jambo la heshima, lakini si hatua ya kisheria wala haikumrudisha mtu.

Kuna jambo jingine katika kisa cha Likoni ambalo huwa halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kwamba hatua ile ilipingana na lengo lake. Kafyu ilipangwa kuanza saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kuanzia tarehe 27 Machi 2020, ikiwa ni siku mbili tu baada ya kutangazwa. Kisiwa cha Mombasa huajiri maelfu ya watu wanaolala ng'ambo ya kivuko, na feri ni zilezile. Ukiwaambia watu wote wawe wamefika makwao kwa saa moja, huku vyombo vya kuwavusha havijaongezwa, umewaita mahali pamoja kwa wakati mmoja kwa nguvu ya sheria. Kisha ukiwarushia gesi inayowafanya wakohoe, wapige chafya na kufikicha macho huku wakikanyagana, umekamilisha kazi ambayo kirusi kingeifanya polepole. Kwa hiyo, mtu anapouliza kama hatua fulani ni ya lazima, asisikilize tu maneno ya tangazo; atazame pia itakavyotekelezwa kivukoni, sokoni na kwenye vituo vya matatu.

Sehemu ya tatizo ilianzia kwenye sheria iliyochaguliwa. Kafyu ilitangazwa chini ya sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, ambayo mtekelezaji wake ni polisi, ilhali Kenya ina Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyotumika tangu mwaka 1921 na ambayo watekelezaji wake ni maofisa wa afya. Sheria hiyo ya pili nayo ina ukoloni mwingi ndani yake. Hata hivyo, sheria unayoichagua ndiyo inayoamua nani atabisha hodi mlangoni kwa mwananchi, na amekuja na nini mkononi.

Mwisho, kuna suala la muda. Nadhani kafyu ilikuwa na utetezi wa kutosha katika wiki za mwanzo, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mgeni, vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache na kila siku iliyookolewa ilikuwa na thamani. Lakini ilidumu, kwa saa zilizokuwa zikibadilikabadilika, hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Hatua inayoongezewa muda kwa karibu miezi kumi na tisa bila wananchi kuonyeshwa ushahidi ulio wazi wa kile ambacho saa za usiku, kati ya saa zote, zilikuwa zikikizuia, inazidi kupoteza uhalali wake kadiri inavyoendelea, hata kama siku ya kwanza ilikuwa halali kabisa.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Nilikuwa wodini mwezi Juni 2021 wakati wimbi la Korona ya aina ya Delta lilipotufikia huku Kisumu, na nasema kwa heshima kwamba wanaozungumza juu ya haki za mtu mmoja hawajawahi kumtafutia mgonjwa oksijeni ambayo haipo. Kwa nini uhuru wa mtu asiyetaka kuvaa barakoa uwe na uzito kuliko maisha ya wagonjwa wangu na ya wenzangu?
*Muuguzi, Kisumu*

JIBU: Dada muuguzi, haupaswi kuwa na uzito huo. Kigezo kimoja cha Kifungu cha 24 kinasema wazi kwamba mtu kufurahia haki zake kusiathiri haki za wengine, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Korona iliambukizwa na watu ambao hawakuwa na dalili yoyote, kwa hiyo ile hoja ya "mimi ni mzima, niacheni" haikuwa na msingi wa kitabibu. Barakoa ni kipande cha kitambaa, haimnyimi mtu riziki, haimzuii kwenda kokote, na kanuni ya kuivaa mahali penye watu wengi ndiyo mfano mzuri wa hatua nyepesi yenye faida kwa wengi. Katika hilo nakuunga mkono bila kusita.

Ninapotofautiana nawe ni pale unapowaona watetezi wa haki kuwa wapinzani wa wodi yako. Nitakupa mfano wa karantini. Mwaka 2020, wasafiri waliotua Nairobi walipelekwa karantini ya lazima kwa siku 14, na walitakiwa kulipia wenyewe: katika vituo vya bei nafuu, kama vile mabweni ya vyuo, gharama ilikuwa takriban shilingi 2,000 kwa siku. Wapo waliozuiliwa zaidi ya siku hizo kwa kuwa mmoja wao aliambukizwa wakiwa mle mle ndani, ambako walitumia vyoo vya pamoja, na deni likaendelea kupanda. Baadaye, waliokamatwa wakivunja kafyu nao wakaanza kupelekwa karantini. Mwezi Aprili 2020 nchi nzima ilitazama video ya watu wakiruka ukuta kutoroka kituo kimoja jijini Nairobi, na wengi wakawalaani. Mimi niliwaza zaidi juu ya aliyekuwa akiitazama video hiyo nyumbani huku ana homa na kikohozi. Je, mtu huyo angepiga simu ya Wizara ya Afya, akijua kwamba atachukuliwa mbele ya majirani, atafungiwa pamoja na waliokamatwa usiku, kisha apelekewe ankara ya shilingi 28,000? Angekaa kimya, angeweka limau na tangawizi ndani ya chai yake, na siku ya nne angeletwa kwako akiwa hawezi kupumua, baada ya kuwaambukiza wa nyumbani mwake wote.

Kwa hiyo, karantini ikishageuzwa adhabu, haiwezi tena kuwa tiba wala kinga. Mtu anayetengwa hana kosa. Anawalipia wengine kwa uhuru wake na kwa mapato yake ya siku 14, na wale wanaofaidika, yaani sisi sote, ndio wanaopaswa kumlisha na kumtunza. Serikali ililikubali hilo mwezi Mei 2020 ilipotangaza kwamba itabeba gharama za waliomo katika vituo vya umma. Ilichukua zaidi ya mwezi kulifikia jambo ambalo lingeweza kujulikana tangu siku ya kwanza.

Kuna pia suala la mfano wa viongozi, ambalo wewe uliye Kisumu unalijua kuliko mimi. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika katika jiji lako, na haikupita hata mwezi kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja usiku kwa sababu ya maambukizi kupanda. Sisemi kwamba sherehe moja ndiyo iliyoleta Delta. Nasema kwamba mwenye kibanda cha chipsi aliyeamriwa kufunga jioni aliiona mikutano ya wakubwa, akalinganisha, na baada ya hapo hakuna bango la Wizara ambalo lingemshawishi.

Na wewe mwenyewe una haki ambayo mara nyingi husahaulika katika mjadala huu. Wauguzi na madaktari waligoma mwezi Desemba 2020, wakidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Serikali iliyomtaka raia akae ndani ili hospitali zisilemewe haikuwa na budi kuanza kwa kuwalinda wanaozifanya hospitali hizo kuwa hospitali.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwaka 2020 Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa katikati ya mwezi wa Ramadhani, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Misikiti ilikuwa imekwisha kufungwa. Wengi wetu tulihisi tumelengwa. Je, dini inaweza kusimamishwa kwa amri ya waziri?
*Mzee wa Mji wa Kale*

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mzee wangu. Imani haisimamishwi na yeyote. Kinachoweza kuwekewa mipaka ni mkusanyiko wa ibada, na hapo Uislamu wenyewe una mafundisho ambayo nyinyi wazee ndio mliotufunza: kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikitokea nanyi mmo msitoke kuikimbia. Na kwamba Khalifa Umar aligeuza msafara wake njiani kuelekea Shamu alipopata habari ya tauni. Masheikh wengi waliokubali kusitisha swala za jamaa hawakushawishiwa na serikali peke yake. Tena mwezi Julai 2020 nyumba za ibada za dini zote zilipofunguliwa, sharti lilikuwa moja kwa wote: watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Unaweza kuyabishia masharti hayo, na mimi naona kumzuia mzee wa miaka 60 asiingie msikitini badala ya kumshauri kulikuwa kumdharau, lakini hayakubagua dini.

Kufungwa kwa mitaa ndilo jambo gumu zaidi. Kuanzia tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale na Eastleigh zilizuiwa watu kuingia na kutoka, na sababu iliyotolewa ni kwamba maambukizi yalikuwa yakipanda huko. Kitabibu, kuufunga mtaa mmoja ni hatua nyepesi kuliko kuifunga nchi nzima, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kutengwa kwa mtaa ni kosa kwa asili yake. Ila historia ya nchi hii inampa mtu sababu ya kuwa na shaka: mwaka 1902 soko la Wahindi jijini Nairobi lilichomwa moto kwa kisingizio cha tauni, na katika miaka ya ukoloni hofu ya maradhi ilitumiwa mara nyingi kuamua nani aishi wapi. Serikali inayojua historia hiyo, inapofunga mitaa miwili ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, ina wajibu wa kutoa takwimu za mitaa mingine pia, ili wananchi walinganishe wenyewe. Vilevile ilipaswa kuzungumza na wazee wa mtaa kabla ya kuweka vizuizi, na kuhakikisha futari inaingia.

SWALI: Ndugu mwandishi, sisi Tanzania hatukufungiwa ndani hata siku moja. Tulifanya kazi, tulisali, tulisafiri. Majirani zetu wa Kenya na Uganda waliteseka bure. Je, hukubali kwamba sisi ndio tuliokuwa huru?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Ndugu yangu, nakubali sehemu ya hoja yako, na si sehemu ndogo. Viongozi wa Tanzania walisema kwamba mtu anayekula kwa kibarua cha siku hawezi kufungiwa ndani bila kufa njaa, na walikuwa sahihi. Mwenye njaa hana miiko, na amri isiyoambatana na chakula huvunjwa jioni ya kwanza. Uganda ilizifunga shule mwezi Machi 2020 na, ukiondoa vipindi vifupi vya kufunguliwa kwa baadhi ya madarasa, hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wapo mabinti ambao hawakurudi tena darasani. Sijasikia hoja ya afya inayotosha kuhalalisha muda mrefu kiasi hicho. Kwa kulinganisha, Tanzania nayo ilifunga shule zake mwezi Machi 2020, lakini madarasa yote yalikuwa yamerudi kufikia mwisho wa mwezi Juni mwaka huo huo.

Lakini uhuru si miguu peke yake. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na ni vigumu kupata tukio muhimu kwa maisha kuliko ugonjwa unaoua. Mapema mwezi Mei 2020 takwimu za Korona nchini Tanzania zilikoma kutolewa, zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na zilibaki hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu aliyetaka kuamua kama aende harusini, kama amtembelee bibi yake mwenye kisukari, kama afungue darasa lake la ziada, aliachwa aamue bila kujua chochote. Uhuru wa kuchagua unamhitaji mchaguaji ajue hatari inayomkabili. Asipoijua, aliyemficha ndiye aliyemchagulia, ingawa hakumgusa wala hakumzuia njiani.

Kuna jambo la kutia moyo katika yaliyofuata. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu mwezi Aprili 2021, na tarehe 28 Julai mwaka huo akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani, huku chanjo ikibaki kuwa ya hiari. Marburg ilipoingia mkoani Kagera mwaka 2023, Wizara ya Afya iliitangaza mwezi Machi, wataalamu wakawafuatilia waliokuwa karibu na wagonjwa kwa siku 21, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha, bila mkoa mzima kufungiwa ndani. Inafaa kusema, ili tusiwaonee waliohangaika na Korona, kwamba Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mtu ambaye tayari ana dalili, kwa hiyo kumtafuta mgonjwa na waliomgusa kunatosha. Korona ilisafiri hewani kutoka kwa mtu asiyejijua. Maradhi mawili hayawezi kupewa amri moja. Hapo ndipo ninapowalaumu wanaotaka kanuni moja ya kudumu, iwe ni "fungeni kila kitu" au "msifunge chochote", kwa sababu kiasi cha uhuru unaoweza kuguswa hutegemea namna ugonjwa wenyewe unavyoenea.

Nikuongezee kwamba Ibara ya 30 ya Katiba yenu nayo inaruhusu haki kuwekewa mipaka ya sheria kwa ajili ya mambo kadhaa, mojawapo ikiwa afya ya jamii. Kwa hiyo msifikiri kwamba mlikuwa huru kwa kuwa Katiba ilikataza kufungiwa. Mlikuwa huru kwa uamuzi wa serikali ya siku ile, na uamuzi unaweza kubadilika siku nyingine.

SWALI: Je, serikali inaweza kunilazimisha kuchanjwa?
*Mwalimu, Nakuru*

JIBU: Mwalimu, hakuna sheria nchini Kenya iliyoruhusu mtu mzima ashikwe mikono na kudungwa sindano ya Korona. Kilichojaribiwa ni njia ya pembeni: mwezi Novemba 2021 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba atakayetaka huduma za serikali ana kwa ana atapaswa kuonyesha uthibitisho wa kuchanjwa kikamilifu. Wakati huo waliokuwa wamechanjwa kikamilifu ni takriban mmoja tu kati ya kila watu wazima kumi, na Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kabla ya tarehe kufika. Naona mahakama ilifanya vyema, kwa kuwa huwezi kumwadhibu mtu kwa kukosa kitu ambacho hujamfikishia.

Kwa jumla, hoja ya kulazimisha huwa na nguvu pale chanjo inapozuia maambukizi kwa wengine. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuikubali mwaka 1905 kuhusu ndui, katika kesi ya Jacobson, na hata hapo adhabu ilikuwa faini ya dola 5, si sindano ya nguvu. Chanjo za Korona zilimlinda zaidi aliyechanjwa asiugue sana au kufa kuliko zilivyomlinda jirani yake, hasa baada ya kirusi kubadilika. Hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kuchanjwa, nami nilichanjwa. Lakini ni sababu dhaifu ya kumlazimisha mtu mwingine.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwendesha bodaboda. Nikikamatwa tena kwa amri za ugonjwa, nifanye nini?
*Kijana wa Malindi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usibishane barabarani usiku. Kesi haishindwi pale. Uliza unakamatwa kwa kosa gani, kwa kuwa Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili. Lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeangukia nje ya saa za kazi. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita, na kumbuka kwamba kosa la kutovaa barakoa mwaka 2020 lilikuwa la faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukiona watu wanaachiliwa kwa kutoa pesa bila risiti, hiyo si faini.

Ukipigwa, nenda hospitali siku hiyohiyo na uhifadhi karatasi za matibabu. Ripoti kituoni, uandike namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), uombe fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, na wakikataa kukupa, andika tarehe, saa na namba ya askari aliyekataa. Kisha peleka malalamiko IPOA au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Na ukitaka kwenda Mahakama Kuu kudai kwamba haki yako ya kikatiba imevunjwa, Kifungu cha 22 kinasema hutatozwa ada yoyote ya kufungua kesi hiyo.